Urea ya Qatar na duka nilikoinunua Majengo, Dodoma: maoni ya mkulima wa mpunga kutoka Bahi

Nimelima mpunga Bahi Sokoni kwa miaka 17, na mbolea nimenunua kila mahali: kwa mawakala wa kijijini, kwenye magari yanayopita, mara moja hata kwa kijana aliyekuja na pikipiki usiku. Msimu huu nilichukua mifuko mitatu ya urea kwenye duka la pembejeo Dodoma mjini, upande wa Soko la Majengo. Ni mara ya kwanza nakaa kuandika maoni kuhusu kitu nilichonunua. Mzigo ulikuwa mzuri, duka lilikuwa zuri, na kuna jambo kuhusu mifuko ile ambalo halijanitoka kichwani tangu Januari.

Nianze na duka. Ni la chumba kimoja, geti la bluu. Ukiingia, mbegu ziko kushoto kwenye rafu, viuatilifu viko nyuma ya kaunta vimefungiwa, na mbolea ziko kulia, zimepangwa juu ya chaga za mbao na kuachiwa nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani. Hizo chaga ndizo nilizozitazama kabla ya kuuliza bei. Urea inavuta unyevu kama chumvi. Mfuko ukilazwa kwenye sakafu ya saruji wiki tatu, tabaka la chini linashikana, na ukifika shambani unaugonga kwa mchi. Nimeshafanya hivyo. Mbolea ya mabonge huwezi kuirusha sawasawa: huku mpunga unaungua, kule unabaki wa njano.

Aliyenihudumia ni binti wa miaka ishirini na kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Hakuniuliza nataka mifuko mingapi. Aliniuliza nalima nini, wapi, ekari ngapi, na mbolea ya kupandia nimeweka mpango gani. Nikamwambia mpunga wa kupandikiza, Bahi, ekari moja na nusu, DAP ninayo tayari. Akasema basi chukua urea mifuko mitatu, lakini usiimalize siku moja, igawe mara mbili, ya pili uiweke mpunga unapokaribia kubeba mimba. Nilikuwa nalijua hilo siku nyingi. Ila kuna mkulima mgeni atakayeingia pale baada yangu asiyelijua, na huyu binti atamwokoa.

Kisha nikaomba mizani, na hapa lazima nieleze kwa nini. Msimu uliopita nilinunua mfuko mahali pengine, sitapataja. Nilipoushika tu nilihisi mwepesi. Nilipofika nyumbani nikaupeleka kwa jirani mwenye mizani ya mazao: kilo 46 na nusu. Nilipochunguza mshono, uzi wa juu ulikuwa mweupe na matundu ya sindano yalikuwa mawili mawili, yaani mfuko ulifunguliwa ukashonwa upya. Mtu anaweza kusema kilo tatu na nusu ni kidogo. Hesabu yake ni hii: urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, nyingine yote ni mbebaji tu. Kilo tatu na nusu zikitolewa, mpunga wangu umenyimwa zaidi ya kilo moja na nusu ya chakula chenyewe. Jaruba la mwisho upande wa mfereji lilikaa na rangi ya majani makavu mpaka mavuno. Nililipita kila asubuhi.

Kwenye duka hili binti hakununa. Alimwita kijana wa mzigo, mfuko ukapandishwa kwenye mizani ya chini mbele yangu, wa kwanza ukasoma kilo 50 na gramu 200 pamoja na gunia lake, wa pili 50 na 100, wa tatu kama wa kwanza. Akanionyesha na mishono: uzi mmoja, tundu moja moja. Akasema, "Mama, kila anayetaka tunampimia. Wengi hawaombi." Ombeni, ndugu zangu. Usione haya kupimiwa ulichokilipia.

Kasoro za duka ni mbili. Mtandao wa kuthibitisha namba ya ruzuku ulikatika na tukasubiri saa moja na nusu, wakulima tisa tumesimama juani. Mtandao si wao, lakini benchi moja nje lingetosha kutusitiri, wazee walikuwamo. Na risiti sikupewa mpaka nilipoomba mara ya pili. Risiti ya mbolea ndiyo ushahidi wako mbolea ikiwa mbovu, wasingoje kuombwa.

Bei nililipa shilingi 69,000 kwa mfuko. Msimu wa 2021/22 mfuko huo huo ulivuka laki, na kabla ya ruzuku kuanza Agosti 2022 ulikuwa umepita 120,000. Mwaka ule niliweka mfuko mmoja tu kwenye shamba zima. Ruzuku ilipokuja ukashuka hadi 70,000, na mimi ni mmoja wa waliorudi kwenye mbolea kwa sababu hiyo.

Pesa zenyewe zilitoka wapi? Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka tisa, tabia ya kuandika haijaniacha. Daftari langu la nyumbani lina kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja kilichouzwa, upande mwingine kilichonunuliwa. Serikali ikifanya hesabu hiyo kwa nchi nzima inaiita urari wa biashara. Chukua thamani ya bidhaa ulizouza nje, toa thamani ya ulizoagiza. Kikibaki kitu una ziada, kikipungua una nakisi. Wiki ile ukurasa wangu ulisomeka hivi: mbuzi wawili, mmoja 115,000, mwingine 95,000, jumla 210,000. Urea mifuko mitatu, 207,000. Ziada ya shilingi 3,000, ambayo nauli na kubebesha mzigo viliimaliza na kudai nyingine.

Mbuzi niliwauza mnadani Jumamosi. Aliyenunua ni kijana anayekusanya kwa ajili ya machinjio yanayosafirisha nyama nje. Alikuwa anachagua wadogo, wasio na mafuta, hataki beberu mkubwa hata umpunguzie. Nikamuuliza hawa wanaliwa wapi. "Uarabuni, mama. Wiki hii mzigo wa Doha." Sikulitilia maanani. Nyama ya mbuzi na kondoo wa mkoa huu kwenda nchi za Ghuba si habari mpya kwetu.

Nilipofika nyumbani na mifuko, kijana wangu wa mwisho akaisoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu chenye maandishi. Jina la mwagizaji, urea, naitrojeni 46, uzito, halafu mstari wa chini: nchi ya asili, Qatar.

Nikamwambia asome tena.

Kwa hiyo mimi, bila kutoka mkoani, nilikuwa nimefanya biashara na Qatar kwenda na kurudi ndani ya wiki moja. Mbuzi wangu wawili kule, mifuko yao mitatu huku. Tangu hapo nimesoma na kuuliza juu ya nchi hiyo kila nilipopata nafasi, na mpwa wangu aliyefanya kazi ya ulinzi Doha miaka mitatu amenichosha kwa simulizi, kwa hiyo nitaeleza kidogo, maana kujua mfuko unatoka kwa nani ni sehemu ya kuujua mfuko.

Qatar ni ndogo mno. Kilomita za mraba kama 11,500. Mkoa wa Dodoma peke yake ungeimeza mara tatu na nafasi ikabaki. Watu ni kama milioni tatu, na wengi wao ni wageni waliokwenda kufanya kazi. Mvua yao ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Sisi tunaojiita wakame tunapata zaidi ya 500. Maji ya kunywa wanayachuja kutoka baharini. Mpwa wangu anasema ukitoka nje ya mji ni mchanga na mawe mpaka macho yanauma. Na nchi hiyo ndiyo inayotuuzia sisi chakula cha mpunga!

Zamani walikuwa wazamiaji wa lulu. Mtu anafunga jiwe mguuni, anazama kutafuta chaza, anapanda na pumzi ya mwisho. Kisha Wajapani wakajua kumfuga chaza azae lulu kwa kupandikizwa, bei ikaanguka miaka ya 1920 na 1930, na Qatar ikabaki na njaa. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1949. Mwaka 1971, mwaka ule ule waliopata uhuru, ikagunduliwa chini ya bahari yao hazina ya gesi asilia ambayo ni kubwa kuliko zote duniani, wanayoigawana na Iran upande wa pili. Shehena ya kwanza ya gesi iliyopozwa ikawa kimiminika ilikwenda Japani mwishoni mwa 1996. Gesi inapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake unapungua mara 600, inapakiwa melini. Leo gesi, mafuta na vitokanavyo ndivyo vinavyobeba zaidi ya asilimia 80 ya wanachouza nje, na wateja wakubwa ni China, Korea Kusini, India na Japani.

Lakini hiyo gesi ya melini haifiki Bahi. Kinachofika Bahi ni mfuko, na mfuko ndio ulionishangaza zaidi ya meli. Kampuni yao ya mbolea, QAFCO, ilianzishwa mwaka 1969 na kuanza uzalishaji 1973 kwenye mji wa bandari wa Mesaieed, kusini mwa Doha. Sasa inatoa zaidi ya tani milioni tano za urea kwa mwaka. Njia yake ukielezwa unaielewa: haidrojeni inatolewa kwenye gesi asilia, naitrojeni inatolewa kwenye hewa hii hii tunayovuta, vinabanwa pamoja kwa joto na shinikizo vinakuwa amonia, amonia ikichanganywa na kabonidioksidi inakuwa urea. Gesi na hewa. Vitu viwili usivyoweza kuvishika, wamevigeuza punje nyeupe unazoweza kuzifunga kwenye baiskeli. Wangeweza kuuza gesi tu wakatulia. Waliianzisha kampuni hiyo hata kabla ya kugundua ile hazina kubwa.

Nikaelewa pia kwa nini mwaka 2022 nililima na mfuko mmoja. Vita ya Ukraine ilipoanza, bei ya gesi, ambayo ilikuwa imeshaanza kupanda, iliruka zaidi. Viwanda vya mbolea vya Ulaya vikapunguza kazi au kufungwa, na urea ikapanda dunia nzima. Mwaka huo huo Qatar iliuza nje bidhaa za zaidi ya dola bilioni 130, na ukiondoa walizoagiza walibaki na ziada ya zaidi ya dola bilioni 90. Kilichotukausha sisi ndicho kilichowajaza wao. Sisemi kwa kinyongo, bei hawakuipanga wao. Nasema kwa sababu nilikuwa nadhani wakala wa kijijini ndiye aliyetuonea, na nilimsema vibaya hadharani. Nilishamwomba radhi.

Ziada yao nayo si ya kudumu kama mlima. Corona ilipoangusha bei mwaka 2020 ilishuka sana. Na nchi inayouza gesi hailambi gesi. Juni 2017 majirani zao, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Bahrain, pamoja na Misri, waliwafungia mipaka. Karibu asilimia 40 ya chakula chao kilikuwa kikipita mpaka mmoja tu wa nchi kavu na Saudi Arabia. Maziwa yakaadimika madukani ndani ya siku chache. Ng'ombe wa maziwa wakaletwa kwa ndege. Ufungaji ule ulidumu mpaka Januari 2021. Mpwa wangu alifika Doha mwishoni mwake, anasema bado watu walikuwa wanausimulia. Wakati wote huo meli za gesi na mbolea ziliendelea kutoka. Kwenye karatasi urari ulikuwa mzuri, na mama wa Doha alikuwa anatafuta maziwa ya mtoto.

Wali ndio chakula chao kikubwa, na nyama ya mbuzi au kondoo juu yake. Mchele mwingi wanauchukua India na Pakistan. India inanunua gesi yao na urea yao, inalima, inawauzia mchele. Mimi mkulima wa mpunga nikilitazama duara hilo nawaza mchele wa Bahi ungeingilia wapi. Nimewaza sana, sijapata jibu, lakini sitaacha kuwaza.

Sasa turudi shambani, maana wengi mmekuja kusoma habari za mbolea.

Nilipofungua mfuko wa kwanza, ndani kuna plastiki ya pili, imefungwa. Punje ni nyeupe zinazong'aa kidogo, za mviringo, ukubwa wa punje ya uwele au zaidi kidogo, zinalingana. Nilichota kiganja nikazirudisha taratibu: vumbi lililobaki mkononi halikutosha hata kupangusa. Halafu nikafanya jaribio ambalo bwana shamba mmoja alitufundisha zamani na ningependa kila mkulima alijue. Chukua kikombe cha bati, weka maji nusu ya joto la kawaida, tia vijiko vitatu vya mbolea, koroga, shika kikombe kwa viganja viwili. Urea ya kweli inakibaridisha kikombe, mpaka kwa nje kinatoa jasho, kama umekitoa mtungini. Na ikiisha kuyeyuka haiachi mchanga wala utando. Changu kilipoa mpaka kijana wangu akakibandika shavuni akicheka. Maji yakabaki maangavu. Ile ya mwaka jana iliacha unga wa kijivu chini, na sikujua nifanye nini na kijivu kile, nikaimwaga shambani hivyo hivyo.

Awamu ya kwanza niliweka siku ya 18 baada ya kupandikiza. Kwetu udongo ni mweusi wa mbuga, unanata, na una magadi kidogo. Urea ikikaa juu ya udongo wa namna hiyo mchana wa jua inarudi kuwa amonia na kupaa. Ile harufu inayokuchoma pua ukipita kwenye shamba la mwenzio saa sita ndiyo pesa yake inapanda mbinguni. Kwa hiyo nilipunguza maji majarubani mpaka yakabaki kina cha vidole viwili, nikaziba milango ya maji isitoke wala isiingie, nikarusha jioni jua likiwa limelala, na tukapita na palizi kesho yake asubuhi ili ichanganyike na tope. Siku ya sita rangi ilibadilika. Siku ya tisa ukisimama kwenye tuta la mfereji ulikuwa unaliona shamba langu lilipoanzia na lilipoishia bila kuuliza mpaka.

Nimevuna magunia 36 kwenye ekari moja na nusu, msimu uliopita 27. Kusema la haki, mto Bubu nao ulituletea maji kwa wakati mwaka huu, kwa hiyo siwezi kuupa mfuko sifa yote. Lakini lile jaruba la mwisho upande wa mfereji, lililokuwa la njano mwaka jana, limetoa kama mengine.

Upungufu wa mbolea yenyewe: ni naitrojeni peke yake, asikudanganye mtu kwamba ukiwa na urea unaacha samadi na DAP. Mfuko wa kilo 50 ni mzigo wa mwanamume. Sisi tunaolima robo ekari za mboga pembeni tungefaidika sana na mifuko ya kilo 10 na 25, na dukani pale haikuwapo. Na maelezo ya Kiswahili nyuma ya mfuko ni herufi ndogo za wino unaofutika ukisugua kwa kidole chenye maji. Shambani kila kidole kina maji.

Duka nalipatia nyota nne kati ya tano. Urea nayo nne. Nyota ya tano ya duka iko kwenye benchi na risiti.

Jambo lililonikaa kichwani ndilo hili. Kila nikipanda basi kutoka Bahi kuja mjini napita Nala, kwenye kiwanda cha mbolea kinachochanganya samadi na madini, na kila nikikiona moyo unapanda, kwa sababu ni kitu chetu kiko barabarani kwetu. Gesi pia tunayo, Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay 1982, na ukijumlisha na ya kina kirefu baharini, akiba yote imehesabiwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kampuni ya KILAMCO kutengeneza amonia na urea Kilwa kwa gesi ya Songosongo. Nilikuwa msichana, baba yangu aliusikia redioni akasema mbolea itakuja kwa treni. Treni mpya ya umeme imeshafika Dodoma, tangu 2024. Mbolea ya Kilwa bado naingoja, na ninaingoja kwa dhati, sijakata tamaa.

Ila kuna lililo karibu zaidi ya Kilwa. Mfuko wa Qatar umepimwa kiwandani, umepimwa ulipofungwa, nikaupima tena dukani. Gramu 200 za gunia zilionekana. Mbuzi wangu je? Kijana wa mnadani alimbonyeza mgongo kwa vidole vitatu, akamwinua kidogo kwa miguu ya mbele, akataja bei. Hakuna kilo iliyotajwa. Akifika machinjioni anapimwa, akitoka machinjioni anapimwa, akipakiwa ndege anapimwa, Doha anauzwa kwa gramu. Mahali pekee ambapo hakupimwa ni mkononi mwangu, mimi niliyemlisha miezi kumi. Nimekuwa karani miaka tisa, nikaandika 115,000 kwenye daftari bila kujua nimeuza kilo ngapi. Ukurasa wa kununua una uzito, ukurasa wa kuuza hauna. Urari wa namna hiyo hausemi ukweli.

Nikalipeleka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wanawake sita tumechanga, tumenunua mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, tukaifunga kwenye tawi la mkwaju nyuma ya kwangu, na mume wangu akashona mkanda wa kumbebea mbuzi kwa kukata mfuko mmoja wa urea ulioisha, maana gunia lile ni imara kweli kweli. Mwezi uliopita tulipima mbuzi wanane kabla ya kwenda mnadani na kila mmoja akaandikiwa uzito wake kwenye karatasi. Wangu alikuwa na kilo 24. Kijana yule yule akambonyeza mgongo, akasema 85,000. Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, akamwinua tena mbuzi, safari hii kwa mikono miwili, akakaa kimya kidogo.

"Mama, mmepima wapi?"

"Nyumbani. Njoo na mizani yako tulinganishe."

Akalipa 104,000. Nimeiandika, na pembeni yake nimeandika kilo 24.